Odi Hii Ina Kitu au Haina? Jinsi ya Kupima Beti Kabla ya Kuweka Dau

Swali linalorudi kila wiki ni lilelile: "Dodoma Jiji wako nyumbani, wamepewa 2.60, niingie?" Na majibu nayo ni yaleyale: mmoja anasema ingia, mwingine anasema kimbia, wa tatu anatuma mkeka wake (tiketi yake ya beti yenye mechi kadhaa). Ile 2.60 ndiyo odi, yaani bei: ukishinda unalipwa dau lako mara 2.60. Hakuna anayeuliza bei hiyo ni nafuu au ni ghali.

Mchuuzi wa zabibu pale Majengo hanunui kreti kwa sababu zabibu ni tamu. Anaangalia anauziwa kwa ngapi na mtaani zinaondoka kwa ngapi. Zabibu tamu iliyonunuliwa vibaya ni hasara, na timu nzuri iliyochukuliwa kwa odi mbaya ni hasara vilevile, hata siku inaposhinda. Mwongozo huu ni wa kupima bei. Ukiufuata sawasawa, beti nyingi ulizokuwa unataka kuweka utaziacha. Usidhani umekosea hesabu, ndivyo zilivyo.

Andaa kwanza

Kikokotoo cha simu kinatosha (cha kawaida, si kile cha mafao kilichowatoa watu jasho). Kisha:

- Akaunti katika kampuni mbili au tatu zenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Umri ni miaka 18 na kuendelea. Kampuni moja haitoshi kwa sababu hutakuwa na cha kulinganisha.
- Daftari au jedwali la Google Sheets.
- Mkeka wako mmoja wa zamani ulioshinda. Utausoma katika hatua ya 3.
- Mtaji uliotengwa, ambao ukiisha wote kodi ya chumba na ada ya mtoto havitikisiki. Katika mifano tutatumia shilingi 200,000. Kama fedha hiyo imekopwa, ishia hapa.

Odi zote zilizomo humu ni za mfano. Usizitafute kwenye programu yako.

Hatua ya 1: Andika asilimia zako kabla hujaona odi

Wengi huanza na odi, halafu hujenga sababu za kuikubali. Ukishaona 2.60 kichwa chako kimeshanunuliwa. Anza na karatasi.

Andika namba tatu: nyumbani anashinda, sare, mgeni anashinda. Lazima zijumlishe 100. Ukipata 108, umejipunja kabla kampuni haijakupunja.

Namba za kuanzia usizitoe hewani. Ligi Kuu yetu ina timu 16 na mechi 240 kwa msimu. Chukua matokeo ya msimu uliopita, hesabu ngapi mwenyeji alishinda, ngapi zilikuwa sare, ngapi mgeni alishinda. Ni kazi ya jioni moja. Sasa angalia jambo ambalo wengi hulisahau: toa mechi zote za Simba na Yanga, kisha hesabu upya. Wawili hawa hushinda sana ugenini na nyumbani, hivyo huvuruga wastani wa wengine. Ukipima Dodoma Jiji dhidi ya timu ya kawaida kwa wastani uliochanganywa na vigogo, unapima kwa mizani iliyowekewa jiwe.

Kutoka hapo sogeza namba kwa sababu unazoweza kuzitaja:

- Mechi inachezwa wapi hasa? Mwenyeji akitajwa usidhani moja kwa moja ni Uwanja wa Jamhuri. Uwanja ukifungiwa kwa kutokidhi vigezo, timu huhamia mkoa mwingine na "nyumbani" inabaki jina tu.
- Nani hayupo? Kadi, majeraha, walioitwa timu ya taifa.
- Mgeni amecheza lini na wapi? Timu iliyotoka kwenye mechi ya Afrika katikati ya wiki si ile ya wiki iliyopita.
- Nani ana cha kupigania? Mechi za mwisho wa msimu ndizo zenye mitego zaidi kwa upande huu.

Weka kikomo: sababu moja isisogeze namba zaidi ya pointi 3. "Kocha mpya ana hasira" haistahili pointi 10. Na maneno ya kibanda umiza, hata yakisemwa kwa sauti kubwa kiasi gani, ni pointi sifuri.

Kwa beti ya mabao kuna njia nyepesi. Kadiria wastani wa mabao yatakayofungwa na timu zote mbili, kisha andika kwenye Google Sheets: =1-POISSON.DIST(2,2.2,TRUE). Hapo 2.2 ni wastani wako, na jibu ni uwezekano wa mabao 3 au zaidi (over 2.5): asilimia 37.7, yaani odi ya haki ni kama 2.65. Sasa badilisha 2.2 iwe 2.5. Jibu linaruka hadi 45.6, odi ya haki 2.19. Kosa la sehemu tatu za kumi za bao limekutoa 2.65 hadi 2.19. Kama huwezi kutetea kwa nini ni 2.2 na si 2.5, hiyo beti huijui.

Hatua ya 2: Geuza odi kuwa asilimia, kisha toa cha juu

Gawa 100 kwa odi. Tuseme kampuni imeweka:

Mwenyeji 2.60, 100 ÷ 2.60 = 38.5
Sare 2.90, 100 ÷ 2.90 = 34.5
Mgeni 2.70, 100 ÷ 2.70 = 37.0

Jumla ni 110. Mechi haiwezi kuwa na uwezekano wa asilimia 110. Ile 10 iliyozidi ndiyo cha juu cha kampuni, kama dalali anayekuonyesha chumba Nkuhungu akiwa ameshaongeza chake kwenye kodi.

Kupata maoni ya kampuni bila cha juu, gawa kila asilimia kwa 1.10: mwenyeji 35, sare 31, mgeni 34. Hizo ndizo namba za kulinganisha na karatasi yako.

Fanya hesabu hii kwa kila kampuni unayoitumia. Mechi kubwa za Ulaya kwa kawaida zina cha juu kidogo, ligi ndogo na masoko ya ajabu ajabu (kona, kadi, nani atafunga wa kwanza) huwa na kikubwa zaidi. Cha juu kikipita 10, hitaji sababu nzito sana ya kuendelea.

*Kosa la kawaida:* kuchukua ile 38.5 kama maoni ya kampuni. Kampuni haiamini hivyo. Inaamini 35, inakuuzia kwa 38.5.

Hatua ya 3: Ondoa kodi upate odi ya mkononi

Hapa ndipo miongozo mingi ya Ulaya inapomwangusha mtu wa Dodoma, kwa sababu kwao mchezaji mara nyingi hakatwi kodi kwenye ushindi. Kwetu anakatwa, na kiwango kimebadilishwa zaidi ya mara moja kwenye bajeti za serikali. Kwa hiyo usikariri. Chukua ule mkeka wa zamani ulioshinda, bora uwe wa hivi karibuni, ufanyie hivi:

a) Dau mara odi = malipo ghafi.
b) Malipo ghafi toa kilichoingia kwenye akaunti = kato.
c) Gawa kato kwa faida (malipo ghafi toa dau). Halafu gawa kato hilohilo kwa malipo ghafi yote. Jibu litakalotoka namba nzima inayofanana na kiwango kilichotajwa na kampuni litakuonyesha wanakata kwenye faida tu au kwenye kitu chote.

Tofauti si ndogo. Tuchukulie kato la asilimia 10, kwa mfano. Odi 2.60, kato likiwa kwenye faida: faida ni 1.60, inabaki 1.44, odi ya mkononi 2.44. Kato likiwa kwenye malipo yote: 2.60 inakuwa 2.34.

Sasa gawa tena 100. Kwa 2.44 unahitaji timu ishinde asilimia 41 ya mara ili usipate wala usipoteze. Kwa 2.34 unahitaji karibu 43.

Rudia kusoma hapo. Kampuni inaamini 35. Wewe unahitaji 41 ili tu utoke sare. Kila shilingi ya faida inaanzia juu ya pengo hilo la pointi 6.

Makato ya kutoa fedha kwenye simu nayo yahesabu. Usitoe 4,000 kila siku. Acha zikusanyike, toa mara moja.

Hatua ya 4: Zidisha

Asilimia yako mara odi ya mkononi, gawa kwa 100. Juu ya 1 kuna faida, chini ya 1 ni hasara.

Tuseme karatasi yako ilisema mwenyeji 38. Unaiona timu ni bora kuliko kampuni inavyoiona, kwa pointi 3 nzima.

Bila kodi: 38 × 2.60 ÷ 100 = 0.988
Baada ya kodi: 38 × 2.44 ÷ 100 = 0.927

Umeijua timu kuliko kampuni, na bado kila 10,000 unayoweka inarudi 9,270 kwa wastani. Acha.

Kwa kuwa asilimia zako zina makosa, usikubali 1.01. Dai angalau 1.05 kwenye mechi unazozifahamu, na 1.10 kwenye ligi unayoifuata kwa kusoma tu.

Hatua ya 5: Uliza kwa nini wamekosea

Beti imepita hatua ya 4? Sasa ishuku. Mtu akikuuzia pikipiki nzima kwa nusu ya bei, humshukuru kwanza. Unamuuliza kadi iko wapi.

Odi inaweza kuwa juu kwa sababu kampuni haijapata habari uliyonayo wewe. Inaweza pia kuwa juu kwa sababu kampuni ina habari usiyonayo. Hili la pili hutokea mara nyingi zaidi. Fungua kampuni nyingine mbili. Kama zote ziko 2.55 hadi 2.65 na karatasi yako inasema odi ya haki ni 2.10, wewe ndiye uliye peke yako. Kama mbili ziko 2.30 na moja tu iko 2.60, hapo kuna uwezekano huyo mmoja amechelewa kubadilisha bei. Hiyo ya pili ndiyo hali yenye uhai.

Kwa mechi za Ulaya, angalia pia bei ya Pinnacle, kampuni ya kubeti ya kimataifa, kwenye tovuti za kulinganisha odi. Cha juu chao ni kidogo, na bei zao hutumiwa na wengi kama mizani. Unaangalia tu, huhitaji akaunti. Wakikuonyesha 1.90 na 1.95 kwa soko la pande mbili (beti yenye majibu mawili tu, kama over na under), toa cha juu kama hatua ya 2, na hizo ndizo asilimia ngumu zaidi kuzishinda.

Habari za nyumbani zina thamani pale zinapokuwa za wazi ila hazijasambaa: kikosi kimetangazwa saa moja kabla ya mechi na kipa namba moja hayumo, mvua imepiga na uwanja umejaa maji. Lakini habari inayotoka kwa mchezaji, kocha au mwamuzi kuhusu matokeo yatakavyokuwa ni upangaji matokeo. Kaa mbali nayo. Na anayeuza "mechi za kupangwa" Telegram kwa 20,000 hana mechi yoyote. Anawagawia watu hamsini upande mmoja na hamsini upande mwingine, halafu anaonyesha picha za mikeka ya walioshinda.

Hatua ya 6: Pima dau

Tuseme umepata beti iliyopita kote: asilimia yako 45, odi ya mkononi 2.44, jibu la hatua ya 4 ni 1.098. Toa 1, inabaki 0.098. Gawa kwa odi ya mkononi toa 1, yaani 1.44. Unapata 0.068, asilimia 6.8 ya mtaji. Usiweke yote hiyo. Weka robo: 1.7. Kwa mtaji wa 200,000 ni shilingi 3,400.

Inaonekana ndogo. Ndivyo inavyopaswa kuonekana, kwa sababu ile 45 ni makadirio yako tu, na kampuni ilisema 35. Tofauti ya pointi 10 na soko ni kubwa mno, mara nyingi inaficha kitu ulichokosa kukiona. Kama robo ya hesabu hii inakupa zaidi ya asilimia 3 ya mtaji, rudi hatua ya 5.

Umepoteza tano mfululizo na mkono unawasha kuongeza dau ili kurudisha? Hesabu haijabadilika, mtaji umepungua, kwa hiyo dau linapungua nao. Kama huwezi kulipunguza, omba kampuni ikufungie akaunti.

Hatua ya 7: Andika odi ya mwisho

Dakika chache kabla ya filimbi, fungua tena na uandike odi ilipofika. Safu za daftari: tarehe, mechi, asilimia yako, odi uliyochukua, odi ya mwisho, dau, kilichoingia mkononi.

Odi ya mwisho imebeba habari zote zilizojulikana kabla ya mpira kuanza, kwa hiyo ni hakimu mzuri kuliko matokeo ya mechi moja. Mfano: ulichukua 2.10, odi ya mwisho ikawa 1.95, na cha juu ni 5. Odi ya haki ni takriban 1.95 × 1.05 = 2.05. Ulinunua 2.10 kitu cha 2.05. Safi, ulikuwa mbele kwa zaidi ya asilimia 2. Ila toa kodi ya mfano wetu: 2.10 inakuwa 1.99 mkononi. Umeishinda kampuni na bado umeshindwa na kato. Daftari lisiloonyesha safu hiyo ya mwisho litakudanganya kwa miezi.

Kuhusu mikeka mirefu

Cha juu kinazidishwa pamoja na odi. Kikiwa 10 kwa kila mechi, mkeka wa mechi 5 unarudisha kwa wastani 6,209 kwa kila 10,000, na wa mechi 10 unarudisha 3,855. Kodi bado. Bonasi ya asilimia 10 kwa mkeka wa mechi 5 inapandisha 6,209 hadi 6,830. Asante, lakini bado umeacha 3,170 mezani.

"Lakini nimeweka timu za uhakika tu." Mechi 10, kila moja ikiwa na uwezekano wa asilimia 80: zidisha 0.8 mara kumi, unapata asilimia 10.7. Mikeka tisa kati ya kumi itachanika, na karibu mitatu kati ya kila kumi iliyochanika itachanwa na timu moja tu, ndiyo maana mara kwa mara unahisi ulikaribia.

Pima kila mechi peke yake kwa hatua za juu. Iliyoshindwa hatua ya 4 haiponi kwa kuingizwa kwenye mkeka.

Ikikwama

*Karibu kila mechi inapita hatua ya 4.* Asilimia zako zimepinda. Angalia kama zinajumlisha 100, kisha angalia kama unaipendelea timu moja. Ikipita zaidi ya moja kati ya kumi, usiweke fedha. Andika tu kwenye daftari kwa mwezi mmoja ulinganishe na odi za mwisho.

*Nimeshinda 14 kati ya 20, kwa hiyo mbinu inafanya kazi.* Bado. Kwa odi za karibu na 2.00 na dau lisilobadilika, bahati peke yake inaweza kupeleka matokeo ya beti 100 juu au chini kwa asilimia 20 ya ulichoweka. Kwa beti 400 ni asilimia 10, kwa 1,600 ni 5. Faida ya kweli ya asilimia 5 haionekani kwenye beti 20. Odi za mwisho zitakuambia mapema zaidi.

*Nimepata kampuni mbili, moja 2.10 kwa over na nyingine 2.05 kwa under. Si faida ya bure?* Bila kodi ndiyo, kama asilimia 3.7. Lakini mkeka ulioshinda unakatwa na uliopoteza haupunguzi kato. Odi za mkononi ni 1.99 na 1.945: 50.3 na 51.4, jumla 101.7. Umejihakikishia hasara.

*Nichukue 1X (mwenyeji ashinde au sare), au nigawe dau mwenyewe kati ya 1 (mwenyeji) na X (sare)?* Kwa odi zetu za 2.60 na 2.90, kugawa 10,000 kwa uwiano kunakupa malipo ghafi ya 13,710, wakati 1X ya 1.33 inakupa 13,300. Inaonekana kugawa ni bora. Baada ya kodi kugawa kunabaki karibu 12,870 mwenyeji akishinda na 12,810 ikiwa sare. 1X inabaki 12,970. Piga hesabu kila mara, jibu hugeuka odi zikibadilika.

*Odi imeshuka wakati nabonyeza.* Zima kipengele cha kukubali mabadiliko ya odi, rudia hatua ya 3 na 4. Beti iliyokuwa 1.06 kwa 2.60 inaweza kuwa chini ya 1 kwa 2.40.

*Timu yangu imefuzu kombe lakini mkeka umechanika.* Beti ya 1X2 (mwenyeji, sare au mgeni) huishia dakika 90 pamoja na dakika za majeruhi. Dakika 30 za nyongeza na penalti hazimo. Kwa mechi za mtoano, ongeza asilimia ya sare kwenye karatasi yako.

*Mechi imeahirishwa.* Ratiba yetu husogezwa mara kwa mara. Soma kanuni za kampuni yako zinangoja saa ngapi kabla ya kurudisha dau, kwa sababu zinatofautiana. Kwenye mkeka, mechi iliyofutwa huhesabiwa odi 1.00. Ikichezwa wiki ijayo, ipime upya tangu hatua ya 1.

*Kampuni imenipunguzia kiwango cha juu cha dau.* Angalia safu ya odi za mwisho. Kama mara nyingi ulinunua juu yake, wameona ulichokiona. Punguza dau la kila beti, hamishia nyingine kwenye kampuni ya pili, na usifungue akaunti kwa jina la shemeji: siku ya kutoa fedha watadai kitambulisho chake.